Filimbi ya Viazi

Tulifika Mexico na nusu ya pumzi.
Mji uko juu, mhudumu alituonya kwa mikono.
Ngazi ishirini tu hadi chumbani, na Endel,
aliyesukuma mabehewa kwa bega ujanani,
akakaa kwenye ngazi ya kumi na mbili
akijifanya anafunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.
Nikakaa naye, nikafunga changu.

Kwetu Estonia, mwezi Machi,
theluji imechoka lakini haijaaga.
Hapa miti imechanua zambarau tupu, bila jani,
maua yamedondokea magari, yamedondokea mbwa aliyelala,
wala hakuna anayestaajabu.
Kanisa limeinama huku, benki imeinama kule.
"Wamejenga juu ya ziwa," Endel alisema,
alikuwa amesoma kwenye ndege. "Unazama pole pole."
Alisema kama anayetaja bei ya mkate.
Asubuhi nzima nilitembea kwa ncha za vidole.

Na kila kitu kinauzwa kwa sauti.
Gari la vyuma chakavu linapita na kipaza sauti,
humo mtoto wa kike anadai magodoro, majiko, friji mbovu.
Mnoa visu anapuliza kifilimbi chake.
Mtu mzima mwenye sare anazungusha kinanda
kilichosahau nusu ya wimbo.
Kwetu jirani akitaka kukuuzia ng'ombe
hunyamaza kwanza nusu saa.

Siku ya pili, treni ya chini ya ardhi.
Askari wa kike akapitisha mkono kati yetu
kama kisu kwenye siagi:
wanawake mbele, wanaume nyuma.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa,
na sikuwa na neno hata moja la kubishana.
Endel akabaki ng'ambo ya uzio, kofia mkononi,
akanionyesha ukutani: kila kituo kina picha yake,
kwa wasiojua kusoma, na kwa sisi.
"Panzi!" alipaza sauti kwa lugha yetu,
yeye ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu.
"Vaike, shuka kwenye panzi!"

Nikapita bata. Nikapita kengele.
Mbele yangu mwanamke anakunja kope kwa kijiko,
treni inayumba, yeye hayumbi.
Kando yangu msichana amelala wima,
kichwa chake begani mwangu,
bega ambalo kwetu mgeni hajawahi kuligusa.
Sikulisogeza.
Kwenye panzi Endel alikuwa amesimama
kama mtu aliyeposa jana na hajajibiwa.

Usiku ikalia.
Mbali, ndefu, ya mvuke, kisha ikafifia.
Endel akaketi kitandani kabla hajaamka.
Reli yetu waliing'oa, wakauza chuma chake,
na tangu hapo hajawahi kuamka hivyo.
"Injini," alisema. "Ndogo. Presha inashuka."
Koti juu ya pajama, ngazi zote ishirini,
nami nyuma yake, bila kamba wala kisingizio.

Kwenye kona, mkokoteni wa bati.
Bomba la moshi, moto tumboni,
na mzee aliyejigonga kifua: Eleuterio.
Akavuta droo. Viazi vitamu, vinafuka.

Nilidhani Endel atavunjika moyo.
Aliinama. Akakagua bomba, akakagua vali,
akatikisa kichwa kwa jambo walilolielewa wawili tu.
Eleuterio akamwachia mpini.
Endel akavuta,
na mtaa mzima ukalia, mbwa wakaitikia,
dirisha moja likafunguka, likatutukana.

Kiazi kilikuwa na maziwa mazito juu, kitamu kupita adabu.
Sijui kama tumeshauona mji huu.
Ramani yangu ina alama saba za makumbusho.
Endel amelala, kiganja kimejaa masizi.
Sijamwambia akanawe.