Zipu Mgongoni mwa Jitu

Ukiniuliza kama ilikuwa nzuri, nitaanza na zipu.
Jitu la Jumamosi, lenye pembe saba na magando ya kaa,
lilipogeuka kuvunja daraja, tuliiona:
zipu ya shaba, toka kisogoni hadi kiunoni,
na kijitambaa juu yake kilichoshindwa kuificha.
Banda zima la Chidawali likaangua kicheko.
Mimi sikucheka. Nilikuwa najifunza cherehani kwa shangazi
pale Majengo, nikajua ile ni zipu ya begi, si ya nguo.

Kaka yangu Nyemo akasema, tulia, Sechelela,
hata mbuzi ana mshono, hujautafuta tu.

Watano wa Radi, tuliwaita hivyo. Jina lao halisi
lilikuwa herufi kama kuni zilizomwagika.
Lameki ndiye aliyetafsiri, kipaza sauti mkononi,
naye Kijapani hakukijua hata cha kuombea maji.
Jitu likinguruma, Lameki: "Kodi ya maendeleo mmelipa?"
Malkia wa Giza akawa anadai magunia yake ya mahindi Kibaigwa.
Hiyo niiweke wapi, kwenye sifa au kwenye kasoro?

Kasoro ninazo, usidhani.
Jitu linasimama, linangoja, watano wabadili nguo,
wapige mikao, wataje rangi zao mmoja mmoja
kama wagonjwa wanaoitwa dirishani kuchukua dawa.
Mwekundu ndiye msemaji wa kila kitu. Yule wa waridi
nilimhesabia katika kanda sita:
katekwa mara tisa, kapiga mara moja.
Na mji wao wa maboksi! Treni ya kuchezea inaning'inia darajani,
huku ya kwetu, ya kweli, inapita nyuma ya banda
ikitikisa meza, ikitikisa runinga,
jitu linatetemeka kabla halijapigwa.

Lakini vita. Vita vyote vilipiganwa machimboni.
Mawe matupu, vumbi jeupe, kingo zilizomegwa,
na banda likanyamaza, maana ile ilikuwa Ntyuka.
Mama yetu alikaa pale, nyundo mkononi,
mpira wa baiskeli umekunjwa pete
kulishika jiwe lisimrukie jichoni.
Kila wiki dunia ikaokolewa
pale mama anapopondea kokoto, ndoo kwa ndoo.
Wajuzi watasema ni uvivu, mahali palepale kila sehemu,
ni fedha kidogo. Sawa. Na iwe hivyo.

Baruti ikilipuka nyuma yao, watano hawageuki.
Nyemo aliipenda hiyo kuliko yote.
Alifanya mazoezi ya kutogeuka, nyumbani, mlango ukibamizwa.
Mwaka uliofuata akapata kibarua Chigongwe,
kutoboa matundu ya baruti.
Siku fitili ilipochelewa, aligeuka. Akarudi kuitazama.
Vidole viwili, na sikio la kushoto.
Hapo ndipo ninapowadai wale Watano:
moshi wao ukitulia,
hakuna anayeinama kutafuta kitu kwenye kokoto.

Kanda ya saba mashine iliitafuna. Mwisho hatuujui.
Nyemo ana wake, mimi nina wangu,
tumewahi kunyimana salamu kwa sababu hiyo.

Kilichonibakia ni hiki. Kanda ya nne,
Kijani anainua mkono apige, kwapa linaonekana:
lilipasuka, likashonwa upya, na uzi si uleule,
kijani cha mgomba juu ya kijani cha chupa.
Mishono midogo, ya mbiombio,
ya mtu aliyeitwa tonge likiwa mkononi,
akaambiwa fanya upesi, jua linatukimbia.
Nikamwomba Chidawali arudishe nyuma. Akarudisha.
Nikamwomba tena.
Watu wakanizomea, Lameki akanitungia na jina.

Siku hizi nikishona sare za shule,
kwapani huwa naongeza kitambaa kidogo
ambacho mteja hakukiomba,
mkono upate kuinuka.