Nyumba Ndogo Bustanini

Msicheke. Nyumba ndogo niliyoijenga mimi
ina vyumba vinne, sinki mbili,
na haivunji ndoa ya mtu.

Iko Siti Paki, unapoiacha njia ya magari
ukafuata harufu ya majani mabichi hadi penye mkuyu.
Miezi saba niliichora. Nilipima kivuli
saa tatu, saa sita, saa kumi,
nikalipa jengo kimo kisichozidi tawi la chini.
Mawe ya Ndarugu, bila plasta.
Paa nikalitwika udongo, udongo nikauotesha nyasi.
Bwana wa kaunti alitaka kijani na manjano
na jina la ofisi kwa herufi za duka la simu.
Nilimkatalia kwa adabu, kisha bila adabu.

"Lisionekane," nilimwambia Fundi Musembi.
"Mtu apite asijue."
Musembi akashusha timazi, akakohoa, hakusema.

Siku ya kufungua, picha zilipendeza:
hamkuwa na kitu ndani yake ila bustani.

Nilirudi Jumatano moja, peke yangu, bila kamera.
Sakafu ilikuwa safi mno.
Sabuni haikuguswa ila na kima
aliyeimega kona, akajuta.
Na nyuma ya mianzi, palepale pa siku zote,
karatasi zilikuwa mbichi.

Kando ya njia aliketi Mama Nyaboke, muuza mayai na njugu,
ambaye tangu asubuhi hadi magharibi hanywi maji.
Miaka kumi na mmoja anaipiga hesabu hiyo:
kikombe kimoja cha chai kabla ya kutoka nyumbani,
basi; midomo ikikauka, na ikauke.
"Choo?" akasema. "Kiko wapi?"
Zilikuwa hatua ishirini. Nilinyoosha kidole.
Akatazama kidole, akatazama nyasi, akanitazama mimi
kama anayeuziwa ploti iliyokwishauzwa mara tatu.

Usiku nilimpigia Musembi.
Alicheka hadi simu ikakwaruza.
"Injinia, mficha uchi hazai.
Na wewe umeficha choo!"

Nikakaa na neno moja, stara, hadi chai ikapoa.
Mama yangu alikuwa na leso ya safari,
jina lake limefutwa na sabuni, pindo limechanika.
Basi likisimama porini aliitanda kwa mikono miwili,
nasi watoto tukachuchumaa nyuma yake.
Ilikuwa nyekundu. Ilionekana toka kilimani.
Kila abiria alijua tuko pale na tunafanya nini.
Haikutuficha hata kidogo.
Ilitusitiri.
Nami, miezi saba na penseli zangu,
nililisitiri jengo
nikawaacha watu nje.

Nyasi za paani zimebaki; sijatubu yote.
Lakini milango minne sasa ni myekundu, wekundu ule ule,
na njia ya murami inakwenda moja kwa moja,
pana kiasi cha kiti cha magurudumu na anayekisukuma.
Taa moja. Benchi la wanaosubiri,
limegeukia mkuyu, lisigeukie mlango,
maana anayetoka hahitaji mashahidi.
Sabuni imo ndani ya kijisanduku chenye kitasa
ambacho kima walijifunza kukifungua kwa siku tatu.
Bwana wa kaunti alipita akasema, "Sasa ndiyo kitu,"
nikanyamaza, kwa adabu.

Jana adhuhuri nilimwona Mama Nyaboke
ameinua kichwa, chupa mdomoni,
koo likipanda na kushuka bila haraka,
maji yakimchuruzika kidevuni, wala hayafuti.
Aliimaliza. Akaifunga kifuniko.
Kisha akaniita kwa kidole, akataka kujua
ni nani huyo aliyepanga karatasi ziishe Ijumaa
na mfagiaji alipwe Jumatatu.