Lete Kidole

Zamu ya usiku, Cluses, theluji dirishani.
Roboti ilichukua kipande, ikageuza, ikaweka;
haikohoi, haiulizi saa ngapi.

Odile Perrollaz, miezi minne kabla ya kustaafu,
alikuwa ameinamisha sikio.
"Zima," akaniambia.
Nikabisha: skrini nzima ilikuwa ya kijani.

Akanishika kidole, akakipitisha juu ya chuma
ambacho bado kilikuwa na joto, kinateleza mafuta.
"Hapo."
Sikuhisi kitu.
"Rudia."

Mara ya saba nikauhisi,
mkwaruzo, kama unywele chini ya shuka.
Kisu cha kerezo kilikuwa kimeanza kulika.

Sasa roboti ni tatu, na viti vya kahawa
tumebakiza viwili.
Kijana wangu anabisha, ananionyesha kijani.
Ninavua glavu yake.