Ukanda wa Huduma

Kwenye karatasi mtaa umeshakwisha:
nyumba mia nne na kumi na mbili, misikiti miwili, skuli,
na duara la barabara litakalosimamishwa dele la saruji
refu kuliko nyumba yoyote.

Hapa nyuma ya Amerat kuna kokoto.
Kuna mlima uliokaa kama mtu aliyenyimwa jibu,
na mbuzi wawili ndani ya kiwanja 318
wanatafuna boksi la maziwa, taratibu, kama wenye hati.
Shafiqul ameshika fimbo ya kupimia, wima,
jasho linamtona kwenye ncha ya pua na hajifuti
mpaka niseme, haya, nimeshasoma.

Mhandisi Muhenna anapenda mistari iliyonyooka.
Hata bonde alilipitishia rula.
"Miaka tisa halijashuka maji," akasema.
Nikamwambia gari ya mjomba wangu Ghalib
asubuhi ile baada ya kimbunga
ilikutwa juu ya ukuta wa skuli, taa zinawaka.
Akanyamaza. Akasogeza penseli mita arubaini.
Nilitaka mia.
Nimezichukua arubaini, na silali vizuri.

Mama, kule Maabela, kanipigia simu
kwa Kiswahili chake ambacho hakijawahi kuhama Kikwajuni:
"Na kibaraza umeweka?"
Mama, sheria ni ukuta. Mita mbili, na mlango wa chuma.
"Sasa mtu akishapika, akishafua, anakwenda kumwona nani?"
Kuna bustani, Mama.
"Bustani. Mwezi wa sita, saa nane mchana.
Labda mwende mkakaangie mayai."

Usiku ule nilirudi ofisini peke yangu,
nikavisukuma viwanja nyuma, safu kwa safu,
mita moja na nusu huku, moja na nusu kule,
mpaka katikati pakabaki uchochoro
unaotoka nyumba ya mwisho hadi kwa muoka mikate.
Nikaulaza kaskazini kwenda kusini, kwa makusudi:
ikifika saa kumi ukuta wa magharibi
utautandika kivuli karibu upana wote.

Ningeandika *njia ya miguu* wangeifuta.
Nani anatembea kwa miguu Maskati?
Nikaandika *ukanda wa huduma*.
Nyaya, mabomba. Hakuna anayethubutu kufuta
kitu kinachomletea baridi chumbani.

"Mbona mpana?" akauliza Muhenna.
"Mabomba," nikasema.
Na si uongo. Mabomba yatapita, chini.
Juu yake atapita mtoto aliyetumwa mkate,
akila ncha yake njiani,
atapita mwanamke na sahani iliyofunikwa kawa,
anagonga mlango wa chuma kwa kiwiko.

Kisha nikatafuta rangi ya Shafiqul.
Njano ni nyumba, kijani ni bustani,
buluu misikiti, kijivu magari.
Nilishuka ufunguo wote wa ramani kwa kidole.
Watu watakaoujenga mtaa huu, wauoshe, waufagie,
wasubiri basi la kuwarudisha kambini,
hawana hata nukta.
Nikachora mabenchi sita ukandani
na kuyaita *vifuniko vya saruji*.

Muhuri uligongwa Jumapili.

Najua mtu ataweka geti.
Mwaka wa tatu, au wa nne, mmoja atasema wezi,
mwengine atasema kelele,
na kufuli litanunuliwa kwa mchango.
Najua pia bonde halisomi ramani.

Leo tumepigilia vigingi vya kwanza.
Saa kumi Shafiqul kaweka nyundo chini,
kafungua chupa ya maji,
kakaa baina ya vigingi viwili, upande wa magharibi,
akaegemea ukuta ambao haujajengwa.
Ramani hajaiona.
Jua lote liko usoni mwake.

Nimekwenda kukaa naye.
Mbuzi wamerudi 318.