Mlango Mmoja, Nyumba Hakuna

Kijana mwenye miwani ya fremu nyekundu,
pale maktaba ya Kutaisi, aliniuliza:
"Bi Lamzira, ulianzaje kuandika?"
Nikajibu kwamba tangu utotoni nilipenda hadithi.
Watu wakapiga makofi. Ulikuwa uongo wa adabu,
kama kuisifu supu ya ugenini.

Utotoni sikupenda hadithi. Nilipenda kuhesabu.
Nilihesabu ndoo za manganizi zikipita angani Chiatura,
zikidondosha unga mweusi juu ya shuka zilizoanikwa,
na mama yangu Eteri akizitukana moja baada ya nyingine
kwa matusi asiyoyarudia mara mbili.
Huyo ndiye aliyenifunza lugha.
Maktabani sikumtaja.

Kisha nikaajiriwa kwenye kigari cha waya,
kile cha kutoka mtoni hadi mtaa wa juu.
Miaka ishirini na miwili ya kupanda na kushuka,
kufunga mlango, kufungua mlango,
na kila saa kujaza daftari la ukaguzi:
*Saa mbili. Upepo wa wastani. Kamba salama. Abiria kumi na mmoja.*

Basi majira ya baridi yale,
umeme ulipokuwa ukija kama mdeni, kwa kunyatia,
alipanda mzee mmoja na mlango mgongoni.
Mlango mzima, wa mwaloni, bawaba zake na kitasa chake.
Nikamwambia mzigo una nauli yake. Akalipa.
Tukaondoka. Umeme ukakatika.

Tulining'inia juu ya mto Kvirila saa nne na ushei,
yeye, mimi, na mlango.
Aliuegemeza penye dirisha lililovunjika, ukatukinga baridi,
naye akasimama mbele yake
kama mtu aliyebisha hodi akasikia nyayo.
"Nyumba imeanguka," alisema. "Huu umekataa."
"Unaupeleka wapi?"
"Nikijua nitakuambia."

Umeme uliporudi alishuka bila kuaga.
Nami nikashika kalamu, kwa uaminifu wa kazi tu:
*Saa kumi na robo. Upepo mkali. Kamba salama.
Abiria mmoja. Mlango mmoja. Nyumba hakuna.*

Wengine husema wameshukiwa. Mimi sikushukiwa na kitu.
Najua tu kwamba yale maneno mawili ya mwisho
hayakuwa ya ofisi,
na mkono ulikataa kuyafuta.

Msimamizi, Avtandil, aliyasoma siku ya Ijumaa.
Nilikuwa nimeshakunja koti, nangoja kufukuzwa.
Akapangusa unga mweusi kwenye ukurasa, akauliza
kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti:
"Halafu?"

Halafu miaka kumi na tisa.
Halafu madaftari saba ya serikali niliyoyaiba, Mungu anisamehe,
na safu ya upepo nikaiandikia mazungumzo.
Halafu mhariri wa Tbilisi: "Mama, mhusika wako mkuu ni ubao."
Halafu mwingine. Halafu mwingine, ambaye hakujibu kabisa.
Halafu kamba zikachoka, kituo kikafungwa,
nikabaki na mikono inayofunga mlango
usiokuwapo.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mama.
Alikuwa na mtoto wa jicho, hakukifungua.
Alikinusa. Akakipima kiganjani kama jibini ya sokoni.
"Nimo humu?"
"Kila penye hasira."
"Mbona chembamba?"

Yule mzee simjui jina. Nimempa matatu, yote yamempwaya.
Kila ninapoalikwa kusoma natazama viti vya nyuma,
pale ukutani, kama kuna aliyekuja na mzigo.
Na nikirudi hotelini, kabla ya kuvua viatu,
mazoea ni mazoea:
*Saa moja jioni, Kutaisi. Upepo hakuna. Watu thelathini na wanne.
Mlango mmoja, wa kioo, unafunguka wenyewe.
Sikuuamini.*