Mkanda wa Nayadet

Mjini Ancud mvua hainyeshi: inahamia, na vyombo vyake.
Leo siku ya tatu tunatandika mbao juu ya matope
ili watu wafike vitini na viatu vyao.
Mimi nakaa nyuma, kwenye meza ya taa,
vitufe mia na ishirini,
na kifuniko cha chupa juu ya kitufe cha moshi
maana hicho hujibonyeza chenyewe.

Nyuma ya ulingo kuna skrini, vigae themanini, viwili vimekufa.
Ndani yake hupita tembo.
Hana harufu, hali majani, hadaiwi vibali mpakani.
Lakini mzee Eleuterio, aliyelisha tembo wa kweli miaka kumi na tisa
na sasa anabeba nyaya,
bado husogea kando tembo akigeuka,
na vile vigae viwili vyeusi huvitazama, husema:
hapo ndipo alipokuwa na kidonda.

Taa ya kumfuata mrukaji haishikwi tena na mtu.
Kuna kidude mkandani mwake, kadiri ya kiberiti;
taa hukihisi, humwandama
kama mdai siku ya mshahara.
Kijana aliyetuuzia alisema, haikosei.
Kweli. Haikukosea.

Jumamosi usiku
Nayadet yuko juu, mita kumi na moja,
chaki mikononi, pumzi kifuani.
Nikabonyeza.
Taa ikainuka, ikasita, ikageuka,
ikapita juu ya vichwa, ikampita muuza bisi,
ikasimama mlangoni
alipo mdogo wake Lientur, miaka sita,
mkanda wa dada kaufunga kiunoni mara mbili,
anakula andazi la boga.

Akakodoa. Akameza.
Akainama, kama aonavyo wakubwa wakiinama.
Turubai likatetemeka kwa makofi,
na tembo, zamu yake ilipofika, akapiga magoti.

Hakuna aliyetazama juu.
Kule gizani alikuwa ameshaachia bembea.

Mimi nilisikia tu:
kamba ikilia, kisha kimya,
kimya chenye urefu wa mtu,
kisha kiganja cha Baldomero kikikuta kifundo,
pa! mlio mkavu, wa chaki.

Alishuka ngazi akitukana kwa sauti ya chini,
akimtafuta mtoto.
Eleuterio keshamficha nyuma ya jenereta, nje,
lakini taa nayo ilikuwa imegeuka,
inamulika ukuta wa turubai
pale pale,
kama kidole.