Wa Kwanza kwenye Mizani

Kompyuta ya ushirika betri yake ilikufa mwaka juzi,
inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu.
Nje, upepo wa Agosti unatikisa mabati,
vumbi la Mpunguzi linapita chini ya mlango,
linajiandikisha bila kuulizwa jina.

Wiki tatu nimejifunza, kwa video na vifurushi vya kukopa,
kwamba safu ni foleni:
huyu, koma, huyu, koma, yule,
wamefungiwa katika mabano ya mraba kama mbuzi zizini.
Na kwamba kitu ni mtu mwenye mifuko:
mfuko wa jina, mfuko wa kitongoji, mfuko wa kilo,
na kila mfuko una lebo.
Nikasema, rahisi. Mimi ni karani.
Daftari langu lina miaka tisa
na halijapoteza hata kreti moja ya zabibu.

Nikaiomba skrini inionyeshe Chilongani.
Ikaandika: kitu Kitu.
Nikaomba tena, nikibonyeza kwa nguvu
kana kwamba mashine ina uziwi.
Kitu Kitu.
Chilongani nimechunga naye, namjua
kwa jino lake la dhahabu na deni lake la dawa ya ukungu,
na leo anaitwa kitu,
tena mara mbili, asije akasahau.

Usiku wa pili nikatengeneza nakala ya majaribio.
Orodha mpya, alama ya sawasawa, orodha ya zamani.
Nikafuta humo nilivyotaka, nikichezea,
nikifungua mifuko ya watu na kuikung'uta.
Nilipoirudia ile ya zamani
nayo ilikuwa imekung'utwa.
Kumbe alama ile hainakili chochote.
Inakupa ufunguo wa pili
wa ghala lilelile.

Basi nikavikimbia vitu.
Nikarudi kwa safu tupu: ya majina, ya kilo,
zitembee sambamba kama matairi ya mkokoteni.
Nikaandika mzunguko: anza moja,
endelea mpaka arobaini na moja, na yenyewe ikiwemo.
Wanachama ni arobaini na moja.
Mistari ikatoka arobaini na moja.
Nikalala usingizi wa mtu aliyefunga hesabu.

Jumatatu, siku ya malipo,
Sechelela Mabichi akasimama dirishani, kitenge kimejaa vumbi la njia.
"Mbona mimi sipo?"
Nikamwambia yupo. Kila mtu yupo, mama, nimehesabu.
"Nilifika mizani bado giza.
Hapakuwa na mtu mbele yangu ila mlinzi."

Nikashuka na kidole mstari kwa mstari.
Chilongani yupo. Ndahani yupo. Wa Mkonze wote wapo.
Chini kabisa, mstari wa mwisho:
Jina: haijulikani. Kilo: haijulikani.
Huyo nilikuwa nimemwekea nafasi ya kutia sahihi.

Mashine inaanza sifuri.
Nani anaanza sifuri?
Darasa la kwanza tulipewa visoda, tukaambiwa hiki ni moja.
Mwenye kufika wa kwanza kabisa, gizani,
mashine ilimweka kwenye sifuri,
nami nikamruka kama tundu la barabarani,
kisha nikatumbukia ng'ambo ya mwisho wa foleni
kumwita mtu asiyezaliwa.

Nikafuta moja, nikaweka sifuri.
Nikaondoa ile "ikiwemo."
Jina likapanda juu kabisa: Sechelela Mabichi, kilo mia mbili kumi na sita.

Alikuwa akichungulia skrini kupitia nondo.
"Hiyo namba pembeni ya jina langu ndiyo nini?
Sikuleta kitu?"
Nikafungua mdomo nimweleze.
Nikaufunga. Nikamhesabia pesa.

Hakuniamini, na alikuwa na haki.
Akalowesha kidole ulimini,
akazihesabu noti upya, taratibu, mbele yangu,
akianzia moja.